Pini ya Mashine ya Saba

Mimi ni kiziwi. Naanza na hilo kwa sababu nililificha miaka sita, na kulificha kulinichosha kuliko kazi yenyewe. Si kiziwi wa kutosikia kabisa. Ukiniita kwa sauti nene nitageuka, na lori likipita nitalisikia. Zilizokufa ni sauti ndogo zenye makali: ndege, kijiko ndani ya glasi ya chai, simu inayolia chumba cha pili, mtu anayesema harakaharaka. Ziliondoka moja moja bila kuaga. Nikawa nawatazama watu midomo, wakicheka nacheka.

Mtu mwingine angeishi hivyo bila taabu. Mimi ni fundi mkuu wa karakana ya mashine za kugonga bati hapa mjini Ludhiana, mashine kumi na nne, na huu ulikuwa mwaka wangu wa thelathini na moja. Tunatengeneza vibati vya kushikia madigadi ya baiskeli. Fundi mkuu wa mashine hizi haajiriwi kwa mikono, anaajiriwa kwa masikio. Anapita katikati zote zikigonga, anasimama, anasema, "Namba tano, zima." Namba tano ikifunguliwa, inakutwa na ufa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na jina la Tarlochan Singh lilijulikana mtaa mzima wa viwanda. Fundi mkuu asiyesikia kazi yake ni kukaa nyumbani kumenya njegere.

Niwaeleze kitu kimoja cha kazi, mara moja tu, maana yote yanatoka hapo. Mashine ina gurudumu zito linalozunguka muda wote. Ukikanyaga pedeli, pini ya klachi inalishika gurudumu, nyundo inashuka mara moja, inapanda, inasimama. Mtu anatoa kibati kwa mkono, anaweka bati jipya kwa mkono, anakanyaga tena. Pini ikilika haiachii vizuri, na siku moja nyundo inashuka mara ya pili bila kukanyagwa, mkono ukiwa umo ndani. Lakini pini ina adabu zake. Kabla ya kufanya hivyo, kwa siku kadhaa, inatoa mlio mdogo kila nyundo inapopanda. Tik. Ukisikia tik unatoa mguu kwenye pedeli, unamwita fundi, anabadilisha pini, mnakunywa chai. Usipoisikia unaacha vidole.

Kuna fito za chuma za kuzuia mkono usiingie. Mashine zilikuja nazo. Lakini fito zinachelewesha kazi, kwa hiyo kila mashine hapa fito zake zimefungwa nyuma kwa waya. Nilikuwa naona. Nyingine nilizifunga mimi mwenyewe.

Mashine ya saba ilikuwa ya Lallan. Alitoka jimbo la Bihar akiwa na miaka kumi na tisa, akakaa kwenye stuli ya namba saba miaka ishirini na miwili, na bado alikuwa na vidole kumi kamili. Kwetu hilo ni jambo la mtu kujivunia. Alivihitaji pia, kwa sababu Lallan anapiga dholak, ngoma ya kupigwa kwa vidole pande zote mbili. Jumapili Wabihari wote wa nyumba za kupanga nyuma ya reli wanakusanyika kumsikiliza, na kila mwaka siku ya Lohri, sikukuu ya katikati ya baridi, tukiwasha moto uani mwa karakana, yeye ndiye anayepiga, na hata Sardar-ji mwenye karakana anacheza na tumbo lake lile.

"Vidole nimevihesabu asubuhi, Ustad-ji," alikuwa akiniambia akiingia. "Jioni nakuja kuvihesabu mbele yako."

"Hesabu na akili," ningemjibu. "Hiyo ndiyo inayopungua."

Wafanyakazi walikuwa na desturi moja niliyoipenda. Mashine ikianza kulia, hawakusubiri nipite. Mmoja angekuja hadi kwenye meza yangu, ananiinamia, anasema kwa sauti nene, "Ustad-ji, namba nne inasema." Nami ningeinuka polepole, niiwekee kiganja, nitikise kichwa kama mtu aliyekwisha kujua tangu jana. Niliona ni heshima. Niliwaambia mafundi wa karakana za jirani, wenu hawana adabu kama wangu.

Mke wangu, Jagir Kaur, alifariki miezi kumi na minane kabla ya haya. Kifua. Alikuwa akifuma sweta za kiwandani pale nyumbani, na alikohoa miaka miwili. Binti yetu Ravneet, aliyekuwa bweni akisoma, alikisikia kile kikohozi kwenye simu na kuniuliza, nami nikamjibu ni vumbi la sufu tu. Tulipofika kwa daktari alikuwa amebakiza wiki tano. Niliuchoma mwili wake kama dini yetu inavyotaka, nikapeleka majivu mtoni Kiratpur, siku ya tatu nikarudi kazini. Sikulia. Watu walisema Tarlochan ana moyo wa chuma. Hakuna chuma chochote. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila huu haukuamka.

Ravneet alisoma hadi udaktari, si wa kutibu watu, wa hesabu. Kazi yake ni kunyamazisha kelele za ghafla. Wenyewe wanaiita algoriti. Mimi naiita hesabu, na yeye amechoka kunisahihisha. Mwaka jana wanunuzi wa nje walimtumia Sardar-ji mtu mwenye kipimo, akapima kelele zetu, akaandika karatasi, Sardar-ji akaja mezani kwangu akiwa na uso wa kuungua.

"Tarlochan Singh, hawa wanataka masikio ya watu yalindwe. Binti yako si ndiyo kazi yake? Mwambie alete hivyo vitu vyake avijaribu hapa."

Kwa hiyo nikampigia. Nilifurahi? Nadhani. Nakumbuka nilijiambia kwamba hapa mtu angefurahi.

Alikuja baada ya Diwali. Sasa sikilizeni, maana kosa liko hapa. Siku inayofuata Diwali ni ya Baba Vishwakarma, aliyewapa mafundi zana zao, na siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wetu anayegusa kifaa kwa kazi. Tunaviosha. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimebadilisha kila pini, kila bawaba, kila bolti iliyolegea, nikazipaka grisi mpaka zikawa zinateleza kama bibi harusi aliyepakwa mafuta. Siku yenyewe tukazivisha maua ya njano, tukazipaka alama nyekundu, tukala vitamu vya laddu. Ravneet alitaka kurekodi wiki mbili baadaye. Nikamwambia hapana, njoo kesho yake. Nilitaka binti yangu azisikie mashine zangu zikiwa bora. Mtu yeyote kwingineko angerekodi mashine siku ya kawaida. Sisi tulirekodi zikiwa zimetoka kuabudiwa.

Akaweka maiki zake kila mahali. Tukagonga bati kutwa nzima. Jioni aliweka kompyuta kwenye meza yangu, akamwita Lallan kwa sababu ndiye mzee wa stuli, naye humwita Chacha, baba mdogo, akatuvisha hedifoni.

"Bapu, sikiliza vizuri," alisema. "Chacha Lallan, na wewe. Kila sauti iliyomo humu hesabu itajaribu kuifuta. Kama kuna sauti mnayoihitaji kazini, niambieni sasa, niiwekee njia ipite."

Nilisikiliza. Nilisikia dhaa, dhaa, dhaa, kama blanketi likikung'utwa. Zaidi ya hapo sikusikia kitu.

"Hakuna," nilisema. "Futa yote."

Lallan alitoa hedifoni sikio moja. "Ustad-ji, na ile tik je?"

"Tik gani?" Ravneet aliuliza.

"Umeisikia humo?" nilimuuliza Lallan.

"Humo haimo. Pini mpya zote."

"Basi. Mashine zangu hazina tik." Nilimkazia macho, na nilijua kwa nini namkazia. Kama ningesema iachwe, Ravneet angeniuliza iko wapi, inafananaje, nimwoneshe. Angeniwekea sauti aniambie nyosha kidole ukiisikia. "Ikitokea, mimi nipo. Nalipwa kwa hilo."

Lallan alinitazama, akamtazama Ravneet, akavaa hedifoni yake tena. "Kweli," alisema. "Ustad-ji yupo."

Tulipobaki wawili nilimwambia anieleze hiyo hesabu yake inafanyaje. Sikuwa na hamu sana. Nilitaka azungumze ili asiniulize.

"Inasikia kelele inakuja," alisema, "inatengeneza sauti iliyo kinyume chake, zinakutana ndani ya kikombe cha sikio, zinauana. Halafu inasikiliza mabaki, inajirekebisha. Kila mpigo inajirekebisha kidogo."

"Basi ni mwanafunzi mzuri kuliko ulivyokuwa wewe."

"Shida ni mipigo ya ghafla, Bapu. Za zamani zilikuwa zinavurugika. Unakuja mpigo mmoja mkubwa ajabu, nayo inataka kujirekebisha kwa ukubwa uleule, inapitiliza, inaanza kupiga mayowe yenyewe masikioni mwa mtu."

"Umeitibuje?"

"Nimeiwekea kipimo. Kinachozidi kipimo isijifunze kitu kwacho. Ifanye kama hakikutokea, iendelee na yale inayoyajua."

"Hiyo ni akili," nilimwambia. "Mama yako alipofariki nilifanya hivyohivyo."

Alikuwa akikunja waya. Hakuacha kukunja. "Najua, Bapu," alisema. "Nilikuona."

Vifaa vilikuja katikati ya Desemba. Wafanyakazi waliviita vikombe, kwa sababu ndivyo vilivyofanana, vikombe viwili vyeusi na upapi wa kichwani. Siku ya kwanza walicheka. Dinanath wa namba mbili alisema sasa amekuwa rubani, akauliza abiria wamefunga mikanda. Kufika mchana walikuwa wamenyamaza. Niliona nyuso zao zikilegea, moja baada ya nyingine. Sikujua uso wa mtu wa mashine huwa umekunjwa kiasi gani mpaka nilipouona umekunjuka.

Baada ya wiki moja Lallan alikuja mezani kwangu na kisanduku cha chapati zake.

"Ustad-ji, jana mke wangu kanipigia simu kutoka kijijini. Nimemsikia neno kwa neno. Ile kengele iliyokuwa ikinilia kichwani kutwa imekwisha."

"Amesema nini?"

"Amenitukana kwa sababu sikwenda nyumbani sikukuu ya Chhath. Zamani nilikuwa nasikia nusu ya matusi. Sasa nayapata yote."

"Pole."

"Mwambie bibi daktari Lallan anamshukuru. Na dholak inasikika mpya. Lohri hii utaona, Ustad-ji. Hata wewe utacheza."

Nilisema nitaona. Wakati huo sikuwa nimecheza kwa miaka miwili, wala sikukumbuka kucheza ni kwa nini.

Desturi ile ya kuja mezani kwangu ilikoma. Hakuna aliyekuja kusema namba fulani inasema. Nilidhani ni grisi yangu. Nilijisifu kidogo, peke yangu, kama mtu anayekula pipi gizani. Kila asubuhi nilipita nikiwekea mashine kiganja, ndivyo nilivyokuwa nikifanya kazi tangu masikio yaanze kuniacha. Kiganja kinasikia vizuri. Lakini mwaka huu ukungu ulikuja mapema na baridi yake ilikuwa ya kupasua midomo. Ijumaa moja ya Januari niliweka kiganja kwenye shingo ya namba saba. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi, hata kifungo cha sweta nilikuwa nimeshindwa kukifunga. Nilihisi kitu. Au sikuhisi. Kitu kidogo nyundo ilipopanda, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Nikasugua mikono, nikajiambia ni baridi, nikaenda kunywa chai. Lallan alinipungia mkono kutoka kwenye stuli, amevaa vikombe vyake, anatabasamu.

Jumatatu, siku mbili kabla ya Lohri, saa nne asubuhi, nyundo ya namba saba ilishuka mara ya pili.

Sikuisikia. Nilichoona ni watu wakiinuka. Mmoja aliinuka, halafu wa pili, halafu mstari mzima, wakivua vikombe. Nilikwenda. Lallan alikuwa amekaa bado kwenye stuli, amenyoosha mkono wa kulia mbele yake kama mtu anayemwonesha mwenzake saa. Vidole vitatu havikuwepo, cha shahada, cha kati na cha pete. Alikuwa na uso wa mshangao tu. Nilivua kilemba changu, nikamfunga kwa kitambaa chake, nikambeba na Dinanath hadi kwenye gari la Sardar-ji. Kisha nikarudi, nikafungua klachi kwa mikono yangu. Pini ilikuwa imelika hadi nusu, upande mmoja umekuwa mviringo kama sabuni ya wiki iliyopita.

Nilisubiri kuhisi kitu. Nilikaa chini nikiwa na pini mkononi, kichwa wazi, nywele zimeniangukia mbele ya watu, jambo ambalo kwetu si dogo. Nilihisi chuma ni cha baridi. Basi. Hospitali walisema vidole vilisagika mno, havirudi.

Ravneet alifika siku ya pili asubuhi kwa basi. Hakuniuliza habari. Alichukua vikombe vya Lallan, bado vilikuwa na damu kwenye upapi, akavifuta kwa shuka ya mabega yake, akaviunga kwenye kompyuta juu ya meza yangu. Karakana ilikuwa imezimwa. Kumbe ndani ya vikombe kuna kumbukumbu, vinaweka kila vilichosikia nje na kila vilichofuta.

"Njoo uone, Bapu," alisema.

Alinionesha mchoro. Mstari wa bluu ulikuwa vile mashine ilivyolia nje, na mstari mwekundu kile kilichofika sikioni mwa Lallan. Siku ya kwanza hapakuwa na kitu baada ya mpigo. Siku ya nane palikuwa na kidoa cha bluu. Siku ya kumi na tano kidoa kilikuwa kijiti. Siku ya ishirini na tatu kilikuwa kirefu kama mwiba. Mstari mwekundu ulikuwa umelala muda wote, kama maji.

"Hesabu haikuharibika," Ravneet alisema. Alikuwa akisema polepole, akinielekezea uso, na sikujiuliza kwa nini. "Ilifanya nilichoiambia. Kikubwa cha ghafla ilikikataa. Hiki kilikuja kidogokidogo, kila siku kidogo kuliko kipimo, kinajirudia mahali palepale. Ikakijifunza, ikakifuta. Kilipokua, nayo ikakua nacho. Ilikizoea."

"Usijilaumu, puttar."

"Sijajilaumu bado. Ndiyo tik aliyoisema Chacha Lallan?"

"Ndiyo."

"Nataka kuwa na hakika. Sikiliza." Alinivisha hedifoni, akageuza kompyuta nisione mchoro. "Hii ni ya Ijumaa. Kila ukiisikia tik, gonga meza."

Hapo moyo uliniruka, na lilikuwa jambo la kwanza kuruka ndani yangu kwa muda mrefu. Lakini mtu aliyeficha miaka sita ana ujuzi wake. Mashine inagonga kwa mwendo ninaoujua kuliko mwendo wa damu yangu. Nyundo inashuka, inapanda, na tik iko pale inapopanda. Nikamtazama Ravneet usoni, nikahesabu mwendo kichwani, nikagonga meza. Nikahesabu, nikagonga. Mara saba, nane. Niligonga vizuri sana.

Ravneet aliniacha nigonge hadi mara kumi na mbili. Kisha akanivua hedifoni kwa mikono miwili, taratibu.

"Sijawasha kitu, Bapu," alisema. "Hakuna sauti humo. Hata mashine haimo."

Nilitazama kidole changu kilichokuwa bado juu ya meza.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miaka sita."

Alikaa kwenye kiti cha kando ya meza, anachokalia Lallan akila chakula. Alitazama mashine zile zimezimwa, zina mabaki ya maua makavu ya Vishwakarma shingoni. Nilijua anapiga hesabu, na nilijua anatoa nini kwenye nini.

"Kikohozi cha Mama," alisema. "Nilipokuwa nakuuliza kwenye simu. Ulikuwa hukisikii, au ulikizoea?"

Hili ningeweza kulikwepa. Ningeweza kusema sikusikia, na angeniamini, na ingekuwa ni masikio yaliyofanya. Lakini kikohozi si sauti ndogo yenye makali. Kikohozi ni sauti nene.

"Nilikisikia," nilimwambia. "Mwanzo nilikisikia. Kikawa kinaongezeka kidogokidogo. Halafu kikawa ni nyumba tu."

Hakulia wala hakunigombeza. Alizima kompyuta, akavifunga vikombe vya Lallan ndani ya shuka yake. Akasema atakwenda kumwambia Sardar-ji kwamba kosa ni la hesabu, iliundwa vibaya, jina lake liko pale.

"Hapana," nilisema. "Kwa Sardar-ji nakwenda mimi. Lakini kwanza nakwenda kwa Lallan."

Walikuwa wamemruhusu kutoka hospitali. Nilimkuta chumbani kwake nyuma ya reli, chumba cha watu sita, wenzake wametoka kutafuta vibarua kwa kuwa karakana imezimwa. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa hadi kiwiko na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Ukutani nyuma yake dholak ilikuwa imetundikwa kwenye msumari.

"Kaa, Ustad-ji," alisema. "Chai siwezi kukupikia. Mpishi kapata ajali."

Sikucheka. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, lakini yalitoka bila mpango.

"Lallan, mimi sisikii. Tik siisikii. Siku ile binti alipouliza sikuwa nimesikia kitu, nikakunyamazisha kwa sababu ya aibu. Nimekaa hivi miaka sita, nanyi hamjui."

Alinitazama. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Miaka saba, Ustad-ji," alisema.

"Saba?"

"Ilianza mwaka ule ulipokuwa unaniambia nimefanya kazi nzuri huku namba sita iko pembeni yako inalia kama panya. Dinanath akasema, mzee amekwisha. Tukakubaliana." Alisema kwa sauti nene, polepole, akinielekezea uso. Nikatambua kwamba amekuwa akisema nami hivyo kwa muda mrefu sana, na wote, na mimi nilidhani ni heshima. "Tukagawana. Mimi nasikiliza sita, saba, nane. Dinanath moja hadi tano. Wa mlangoni hizo nyingine. Ikilia, mmoja anakuja kukwambia. Tulikuwa tunakusikilizia."

"Kwa nini?"

"Kwenye karakana ya jirani mtu akiwa na homa anakaa kwenye stuli na homa yake. Wewe unatutoa tukapumzike. Sardar-ji angemleta fundi mwenye masikio, je, angetutoa?" Alijaribu kuinua mabega, mkono ukamuuma, akaacha. "Tukaona masikio tunayo sisi."

"Na mlipovaa vikombe."

"Tulipovaa vikombe hakuna aliyesikiliza."

Nilimuuliza swali la mwisho, ingawa jibu nilikuwa nalo. "Siku ile ya kurekodi. Ulikuwa umeshaanza kusema. Kwa nini hukuendelea?"

"Binti yako alikuwa amesimama pale, Ustad-ji." Alilisema kama jambo la kawaida kabisa. "Ningeendelea, angejua."

Hapo ganzi ikaachia. Niliinama juu ya ile ndoo, nikalia, na nilikuwa na vilio viwili ndani yangu, cha pili kina miezi kumi na minane, na vyote vilitoka kwa pamoja, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia vizuri. Lallan aliniacha. Baadaye alinigusa goti kwa mkono wake wa kushoto.

"Nifanyie kazi moja," alisema. "Nitolee hiyo dholak msumarini. Baridi hii ngozi itapasuka ikiachwa imekazwa, na kamba zinataka mikono miwili."

Niliitoa. Niliiweka mapajani, nikatafuta pete za kamba, nikaanza kulegeza moja moja kama alivyonielekeza, ya juu, kisha ya chini yake. Ngozi ilikuwa imekazwa tayari kwa Lohri. Pete ya nne iliponyoka, kamba ikaruka na kuigusa ngozi.

"Umeisikia hiyo?" Lallan aliuliza.

"Hapana," nilisema. "Sikuisikia."